Kilo za Mzee Khaemba

"Babu, kwani wewe unataka kuwa na kilo ngapi?"

Nilimuuliza Mzee Khaemba hivyo nikiwa darasa la sita, kwenye foleni ya kusaga unga pale poshomili ya Kasyoka, hapa Kaloleni mjini Voi, ndoo ya mahindi kichwani. Yeye alikuwa amesimama juu ya mizani ya magunia, miguu mitupu, mifuko ya ovaroli imegeuzwa nje ikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Alisukuma kile kijiwe cha mizani taratibu mpaka mkono wa chuma ukatulia, akasoma, akashuka, akavaa viatu vyake akaenda.

"We Abby, unamuuliza mzee wa watu kilo kama unampeleka kwa bucha?" Awiti, muuza samaki, akanichamba, na foleni yote ikacheka.

Lakini mimi nilitaka kujua kweli. Mama alitaka kupungua. Kaka yangu alitaka kuongezeka ili jeshi limchukue. Kila mtu niliyemjua alikuwa na namba yake anayoikimbilia. Mzee Khaemba alijipima kila asubuhi ya Mungu, na sijawahi kumwona akifurahia kilo kupanda wala kushuka.

Jibu la nusu nilipewa na Mama. Mzee Khaemba alikuja Voi kutoka Bungoma akiwa kijana, kukata katani. Alizeekea huko shambani, akastaafu na ovaroli mbili na moyo uliochoka. Moyo wenyewe ulikuwa hausukumi damu vizuri tena, kwa hiyo maji yalikuwa yanabaki mwilini, yanaanzia miguuni na kupanda hadi kifuani, mpaka analala ameketi ndiyo apate pumzi. Nesi alimwambia, "Mzee, ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, hujanenepa. Hayo ni maji. Usingoje, njoo."

Basi akaanza kujipima. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Voi ina mizani nyingi na kila moja ina maoni yake. Ya hospitali ilimpa sitini na nane. Akapita kwa kemisti karibu na stendi siku hiyo hiyo, akapewa sitini na sita. Yule wa kemisti akaisogeza kutoka kwenye mkeka hadi kwenye sakafu, ikasema sitini na saba na nusu. Kwa Kasyoka akapata sabini na moja! Mzee alirudi kwa nesi akiwa na hofu, akamuuliza ni ipi inayosema ukweli. Nesi akamwambia achague moja tu na asiiache, asimame vile vile kila siku: nguo zile zile, baada ya choo, kabla ya chai.

Akachagua ya Kasyoka. Watu walimshangaa, maana Kaloleni nzima ilijua kwamba mizani ile inaongeza. Hata Kasyoka alijua. Sisi alitusagia kwa kupima na gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Mizani ilikuwa ya magunia ya mahoteli, na hao aliwapunguzia zile kilo za ziada kwa hesabu ya kichwani. Lakini mizani yenyewe ilikuwa nzito, haijawahi kuhamishwa, na mlango wa poshomili ulifunguliwa mapema kuliko wa kemisti. Sabini na moja ikawa namba ya Mzee. Mitaani tulimwita Sabini na Moja, na akiitwa aliitika.

Halafu akaenda kijiji cha Mata kwa wiki moja kumwona binti yake Branice, aliyeolewa huko. Branice alimpenda baba yake kwa chakula. Kila siku samaki wakavu wa Ziwa Jipe, chumvi imekolea, chumvi ile inayozuia maji mwilini, na huko hakukuwa na mizani.

Alirudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye mizani, nikiwa nyuma yake. Kinu kilikuwa kinanguruma, huwezi kusikia hata jina lako. Akasukuma kijiwe, akainama kusoma, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu pale juu. Akanionyesha kwa kidole: sabini na moja. Kama alivyoondoka. Akaketi juu ya gunia avae viatu, na nikaona kamba za viatu hazifungiki, amezivuta mara mbili, akaziacha zikining'inia.

Awiti naye akapanda, kwa utani tu, kama sote tulivyozoea kufanya tukingoja unga. Akasoma. Akapiga kigelegele kilichoshinda kinu.

"Nimepungua kilo tatu! Waambieni waliosema mimi ni pipa!"

Mwingine akapanda, naye amepungua tatu. Nikapanda mimi: tatu. Awiti akanishika mkono, "Na wewe, kijiti, kilo tatu umezitoa wapi?" Tulikuwa tunacheka hadi tunashikana, foleni yote inasukumana kupanda, na kila anayeshuka ameacha kilo tatu.

Kasyoka akazima kinu, akatoka na unga hadi kwenye kope.

"Mnashangilia nini? Fundi alikuja hapa Jumatano kutoka Mombasa. Aliondoa unga ulioganda chini ya ubao, akakaza skrubu. Mizani sasa iko sawa."

"Kwa hiyo hizo kilo hazikuwa zangu?" Awiti akauliza. "Miaka yote hii nimebeba unga wako, Kasyoka?"

Kicheko kikaanza upya. Mzee Khaemba peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pale juu ya gunia, kiatu kimoja mkononi.

"Kasyoka," akasema. "Mimi sijapungua."

Hatukumwelewa. Akarudia polepole, kama anayejieleza mwenyewe: "Hawa wote wamepungua tatu. Mimi niko pale pale. Basi tatu nimeziongeza." Kisha akapandisha suruali ya ovaroli, akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki.

Awiti ndiye aliyekimbia barabarani kusimamisha tuktuk. Alimwingiza Mzee akaingia naye, na samaki wake akatuachia tumlindie.

Mzee alilazwa. Kwa siku kadhaa tulisaga mahindi bila mtu kupanda mizani, hata Awiti. Aliporudi alikuwa mwembamba, ovaroli imelegea, na pale kwa Kasyoka akapata sitini na nane. Hatukujua tumwiteje.

Sasa niko kidato cha tatu. Branice amemletea baba yake mizani ya kioo inayowaka namba, na Mzee aliibeba hadi poshomili, akapanda moja, akapanda nyingine, akairudisha nyumbani na kuiweka mahali pamoja kwenye saruji, na ole wako uiguse. Lakini Jumamosi bado anakuja kwa Kasyoka kuhakikisha.

Jumamosi iliyopita alishuka, akaketi, akafunga kamba za viatu mwenyewe, fundo imara. Akaniangalia.

"Si ni wewe uliyeniuliza nataka kilo ngapi?"

"Ndiyo, babu. Ukanyamaza."

"Nilikuwa sijui. Nilidhani kuna namba nzuri mahali, daktari atanitajia."

"Na sasa unajua?"

Akasimama, akarudisha mifuko ya ovaroli ndani, mmoja baada ya mwingine.

"Zile zile za jana," akasema.