Mbegu Zilizochemshwa

Katika mwaka wangu wa pili wa ualimu, miaka ya hamsini, Kongo ikiwa bado ya Wabelgiji, nilifundisha kwenye shule ya misheni juu kidogo ya Baraka, njia ya kwenda Fizi. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Walimu wenzangu waliwakaririsha watoto mpaka sauti zikawakauka. Mimi nikaamua wangu watatunga hadithi yao wenyewe.

Nikagawa ubao mafungu manne: nani, wapi, shida gani, mwisho wake nini.

"Musiniletee sungura," nikawaambia. "Mutafute kitu muliona na macho yenu." Maneno hayo nayajutia hadi leo.

Kisha akasimama msichana wa dawati la mbele, binti wa mkulima wa pamba.

"Mwalimu, tuseme muntu mumoja anachemusha mbegu za pamba mbele ya kupanda."

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Juu zisiote. Muzungu wa pamba akikuja kukagua, ataona udongo ni mubaya. Atamuacha alime muhogo yake."

Darasa likachangamka. Mmoja akataka mke wa mtu huyo awe mwoga. Mwingine akauliza sufuria ilifichwa wapi. Msichana alijibu yote papo hapo: sufuria ni nyeusi, imebaki na mkono mmoja, moto unawashwa alfajiri wakati kila nyumba inatoa moshi. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo, maana anayetunga husitasita. Mimi nilifurahi tu na kuandika, chaki ikikatikakatika.

Wakati ule kila mwanamume alilazimishwa kulima pamba, na aliyeiharibu alichapwa viboko mbele ya watu kisha akapelekwa gerezani. Nilijua hayo. Lakini pale ubaoni niliona hadithi tu.

Kwenye fungu la nne walibishana. Nikawaeleza kwamba mwisho ni mali ya mtunzi. Usipoupenda unaufuta, unaandika mwingine. Nikaufuta mara tatu kuwaonyesha. Halafu, kama nilivyofundishwa chuoni, nikamwagiza kila mmoja aende akaisimulie nyumbani, arudi na maswali ya wazazi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Mmoja wa watoto wale alikuwa wa kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba.

Asubuhi yake nilimkuta kapita amesimama dirishani. Alinisalimu vizuri kabisa.

"Mwalimu, hadithi ya batoto iko muzuri. Ile sufuria ya mukono mumoja, nani alisema?"

"Ni ya kalasi yote. Tulitunga pamoja."

"Yote," akasema. Akausoma ubao polepole, kutoka fungu la kwanza hadi la mwisho, akaaga, akashuka kuelekea mashambani bila haraka.

Niliufuta ubao kwa mkono wa shati. Nilitaka kutuma neno kwa baba wa msichana, lakini niliogopa kuonekana nikielekea kwake, na woga wangu nikauita busara.

Siku mbili zikapita kimya. Hakuna mtoto aliyeuliza habari za hadithi. Msichana alikuja kama kawaida, akaandika kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima, nami nikaanza kujidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Siku ya tatu, baba yake alipitishwa barabarani mbele ya shule kati ya askari wawili, kamba kiunoni. Walimbebesha sufuria ile kichwani, nyeusi, ya mkono mmoja. Watoto waliitazama kupitia dirisha mpaka ilipopotea kwenye kona, kisha wakageuka kunitazama mimi.

Msichana akatoka dawatini kwake. Hakulia. Akachukua kipande cha chaki mezani pangu, akaninyooshea.

"Mwalimu, ulisema mwisho tunaweza kuufuta."

Niliipokea chaki, nikaitia mfukoni, nikawaambia watoe madaftari ya hesabu.