Twiga Aliyetupima Umri

Kuna harufu ambayo hadi leo ikinipata lazima nikae chini kidogo: rangi ya viatu, ile ya kikopo, ya kahawia. Wengine wakiinusa wanakumbuka shule na Jumatatu asubuhi. Mimi namwona baba yangu amekaa juu ya gogo, kitambaa kidoleni, anamsugua twiga shingo.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Mwende alikuwa anang'arisha viatu vyake hapo mlangoni, huku akinizungusha maneno kama mtoto anayetaka kitu. Mwishowe kikatoka. Alitaka nimruhusu acheze gemu fulani kwenye simu ya mama yake. Nikamwambia alete hiyo simu nione. Shule mimi niliiachia darasa la sita, lakini namba nazijua. Pale pembeni palikuwa na kumi na saba na alama ya kujumlisha. Mwende ana miaka minane.

"Shosho, hiyo ni namba tu," akaniambia. "Hakuna mtu huiangalia."

Ile harufu ilikuwa imeshanibeba mpaka Huruma, mtaa wa Nairobi nilikokulia. Na kabla hujaanza kushangaa ni shosho gani huyu ambaye utoto wake ulikuwa miaka ya tisini, nilizaa mapema, na binti yangu naye hakungoja. Ndivyo ilivyokuwa. Tuendelee.

Tuliishi ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Baba alikuwa mchongaji. Alikuja kutoka Ukambani na tezo yake ndani ya gunia. Tezo, kama huijui, ni lile shoka dogo la mpini mfupi, lenye ulimi uliopinda kama mdomo wa ndege. Kazi yake aliifanyia kibandani nyuma ya ploti, yaani lile jengo letu la kupanga, yeye na wenzake wawili, wakichonga twiga, vifaru na kina mama wenye mitungi kichwani, vinyago vya kuuziwa wageni mjini. Jakaranda ni mti mweupe, wa bei rahisi. Ukiupaka rangi ya viatu na kuusugua, unafanana na mti wa maana. Baba alikuwa akisema huo si uongo, ni nguo tu, hata wewe huendi kanisani uchi.

Mama naye alikuwa mtu wa Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi. Alfajiri alikwenda kuchukua matumbo ya mbuzi, akayaosha, akayachemsha, akauza. Kwa hivyo usinidhanie mtu wa kuogopa damu. Shule zikifungwa nilimsindikiza, nikaruka mitaro iliyokuwa inapita nyekundu, nikasimama kando mzee wa kuchinja akimlaza mbuzi, akimtaja Mungu, akipitisha kisu. Mara moja tu. Halafu kimya. Mzee yule hakuwahi kucheka akiwa na kisu mkononi, na mtoto aliyecheka karibu naye alifukuzwa kama mbwa.

Mahali nilipopapenda kuliko pote palikuwa chini, katikati ya miguu ya baba, anapochonga. Vipande vya mti vilininyeshea kichwani. Tezo ililia ko, ko, ko, na mimi nikalala usingizi. Mama alisema siku moja atanisuka nywele akute zimeota mizizi. Baba hakuniita kwa jina langu Nduku, aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Mtu akikuita mama yake tangu ukiwa huna meno, unakua ukijua una kiti chako duniani.

Basi akaja Njuguna. Alikuwa kijana mwenye adabu, amenyoa vizuri, akakodi chumba cha chini kilichokuwa cha kuuzia makaa. Akaweka televisheni, mashine ya gemu na mabenchi mawili. Palikuwa na gemu ya magari, ya mpira, na moja ya kupigana. Nadhani unajua watoto walipanga foleni ya ipi.

Haikuchukua muda tukaanza kuona mateke kwenye ngazi. Mtoto ukimtuma chumvi anarudi akiruka hewani. Siku mtoto wa Mama Wambui wa ghorofa ya pili alipong'olewa jino, kina mama waliteremka kwa Njuguna na mikono yao ikiwa bado na povu la sabuni. Njuguna hakubishana. Alitoa boksi la gemu akawaonyesha namba iliyoandikwa hapo. Hata waliotengeneza, alisema, wamesema si ya watoto. Akawaambia wakitaka akatae wadogo atakataa, ila wamwambie atawajuaje, maana kwenye ile ploti kila mtoto ukimuuliza ana miaka kumi na mitano. Na vyeti vya kuzaliwa vilikuwa ushago, huko vijijini tulikotoka, ndani ya masanduku ya bati, kama vilikuwepo.

Mama Wambui akakumbuka jinsi wao walivyopokelewa shuleni zamani. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili anaandikwa, asipogusa anarudishwa nyumbani akanywe uji. Wakatupanga kwenye korido. Tuligusa sote. Hata mtoto wa Mama Wambui wa mwisho, aliyekuwa hajaacha kunyonya, dada yake alimvuta mkono mpaka ukafika. Korido nzima ilicheka, na hasira ikapungua.

Hapo ndipo baba, aliyekuwa anapita na gogo begani, akasema wampe mpaka kesho.

Kibandani kulikuwa na twiga mkubwa aliyepata ufa mguuni. Hakuna mgeni angemnunua. Baba aliuziba ufa, akamchoma madoa upya kwa chuma cha moto, akampaka rangi ya viatu mpaka akang'aa. Kesho yake akamsimamisha mlangoni kwa Njuguna. Masikio yalimfikia baba kifuani. Sheria ikawa hiyo: asiyefikia masikio ya twiga, acheze magari. Kina mama walipiga makofi, wakapanda juu kumalizia kufua. Nakumbuka walivyopanda zile ngazi, wepesi, kama watu waliotuliwa mzigo.

Watoto walihangaika na yule twiga. Wengine walikunja magazeti ndani ya viatu. Wengine walichana nywele zikasimama wima. Matusi yenyewe yalibadilika, ukigombana na mtu anakwambia, enda ukapimwe na twiga. Aliyeumia zaidi ni kaka yangu Kioko. Alikuwa kwenye kumi na tatu, lakini mfupi kama kigoda, na vijana wakimwona wanamwita, "Niaje Kioko, twiga anakusalimia." Alirudi juu akagoma kula. Mama akamwambia ale maharagwe, hakuna aliyerefushwa na hasira.

Na mimi je? Nilikuwa na miaka tisa. Lakini nilikuwa mrefu kama nguzo ya stima, watoto waliniita Mlingoti. Siku moja natoka dukani na mafuta ya taa, Njuguna akaniita kwa utani nisimame kando ya twiga. Nikasimama. Masikio yangu yalipita yake. Vijana wakapiga miluzi.

"Ingia, madam," Njuguna akasema. "Sheria ni ya budako mwenyewe."

Nikaingia. Chumba bado kilinuka makaa, na jasho la vijana, na waya zilizopata moto. Kwenye kioo palikuwa na wanaume wawili. Mmoja alimpiga mwenzake mpaka akapiga magoti, na mimi nikadhani yameisha, kwa sababu Kiamaiko yangekuwa yameisha. Kumbe ndio kwanza. Akatoa shoka dogo lililopinda. Akainua. Yaliyofuata sitayaandika, ila kichwa kilibingirika na mabenchi mawili yakacheka. Wote walicheka. Njuguna akabonyeza kitu, na yule aliyekatwa akasimama mzima, akakatwa tena.

Kesho yake Mama alinituma nimpelekee baba chai. Nilimkuta kwenye gogo, jua nyuma yake. Aliponiona alisogeza miguu, kama kawaida, kunipa nafasi. Halafu akainua tezo kumalizia kipande kilichobaki. Nikarudi nyuma hatua moja, chai ikamwagika. Nikakiweka kikombe mbali, juu ya jiwe, nikasema nina kazi ya shule. Kazi ya shule yenyewe haikuwepo, shule zilikuwa zimefungwa. Baba alilijua hilo.

Ikawa hivyo. Ko, ko, ko, na mimi niko juu nimeziba masikio na blanketi. Kila jioni alisogeza miguu, na kila jioni niliweka kikombe kwenye lile jiwe. Hatukugombana. Afadhali tungegombana.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akimwambia mama polepole, sauti ya mtu anayeongea huku akitazama sakafu. "Mwaitu ameanza kunionea haya. Wenzake baba zao wanavaa tai. Mimi narudi na vumbi masikioni." Mama akamwambia aache upuuzi. Lakini nilimsikia akiinuka, akaenda kwenye beseni, akaanza kusafisha masikio kwa kitambaa.

Hilo sikuliweza. Nikatoka nyuma ya pazia.

"Sikuonei haya," nikamwambia. "Nakuogopa."

Akaweka kitambaa chini. Akaniuliza amenifanya nini. Nikamwambia hajanifanya kitu, ila nimeona mtu wa gemu mwenye tezo, na nikamsimulia yote, kichwa na kicheko na kuamka tena. Kioko alikuwa ameacha kutafuna.

"Nani alikuruhusu kuingia?" baba akauliza.

"Twiga."

Baba alinitazama kuanzia miguu mpaka utosi, kama mtu anayepima mti aliouacha ukiwa mche na kuukuta umekomaa. Halafu akavaa viatu.

Nilijua anakwenda kumpiga Njuguna. Mama pia alijua, maana alimfuata na mwiko mkononi, nami nyuma yao. Lakini baba alipofika chini alimsalimia, akakaa kwenye benchi, akanipakata mimi, Mlingoti mzima, miguu ikiburuta sakafuni. Akamwomba Njuguna acheze ile gemu. Njuguna akacheza, lakini vidole havikuwa na furaha. Baba alitazama mpaka mwisho, kofia mkononi kama kwenye mazishi.

"Aliyekufa ni nani?" akauliza.

"Hana jina, Mzee. Ni gemu tu. Ona, anaamka."

"Na kidonda chake kiko wapi?"

Njuguna alitazama kioo kana kwamba kidonda kingetokea. Hakikutokea.

Kutoka pale baba alinipeleka kibandani. Alichukua tezo akanipa mimi, akaweka mikono yake juu ya yangu. Ilikuwa nzito. Miaka yote nimekaa chini yake sikuwahi kujua ina uzito ule. Halafu akanionyesha kidole gumba chake cha kushoto, kovu jeupe kutoka kucha mpaka kiungo. Alijikata akiwa kijana, wakati wa masika, na mpaka leo, alisema, baridi ikiingia panauma. "Tezo ya kule ndani haina uzito, Mwaitu. Ndiyo maana wanacheka. Hii ukiiinua, unaisikia mpaka begani." Nikaigusa ile alama. Ilikuwa laini kama mdomo wa ndani. Kesho yake nilirudi kukaa mahali pangu. Mwanzoni kila ko nilishtuka, halafu nikasinzia.

Twiga baba alimbeba akampandisha nyumbani. Sheria mpya ikawa rahisi, na kina mama hawakuipigia makofi hata kidogo: gemu ya kupigana itachezwa mzazi akiwa ameketi ndani. Kwa zamu. Mama Wambui alikuja na sufuria ya njegere za kumenya, akawa anauliza mambo. Huyu amemkosea nini mwenzake? Mbona wanapigana bila viatu? Mama zao wako wapi? Vijana walisonya. Ukitaka kuharibu utamu wa kichwa kukatwa, mketishe mama mwenye njegere kando yake. Baada ya muda ile gemu haikuombwa tena, ikakaa ndani ya boksi lake na namba yake. Lakini magari yalivuma. Baba zamu yake ilipofika alijaribu kuendesha, akagonga kila ukuta uliokuwepo, na Kioko, mfupi wetu, akamshinda mbele ya watu wote. Nadhani baba aligonga kuta zingine kwa makusudi. Sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Twiga ninaye mimi. Anasimama kando ya kabati, mguu una ufa uleule uliozibwa, na mikoba hutundikwa shingoni mwake. Mwende ameshamfikia begani.

Nilimwambia Jumapili ile amalize viatu, anawe mikono, alete simu na stuli. Nikavaa miwani. Nikamwambia tutaitazama hiyo gemu pamoja, tangu mwanzo, na nitamuuliza kila anayekufa ni nani. Akanitazama, akatazama simu, akaniambia basi, Shosho, afadhali tucheze ile ya magari. Tukacheza. Niligonga kuta zote, na wala si kwa makusudi.

Miaka mingi niliamini kwamba jioni ile baba alinikasirikia kidogo, kwa jinsi alivyouliza, nani alikuruhusu kuingia. Nimelea mtoto, sasa nalea mjukuu, ndipo nimeelewa. Alikuwa ananitazama mimi, lakini hakuwa ananiuliza mimi; alikuwa anajiuliza yeye, aliyemsimamisha twiga pale mlangoni.