Dang'a ya Mjukuu Wangu

Binti yangu alijifungulia nyumbani kwa wakwe zake, Kinyangiri. Nilipopata simu nilipanda basi. Nikamkuta ameketi kwenye mkeka, mama mkwe wake anamkamua titi kwenye kibakuli. Maziwa ya njano, mazito. Akatoka nayo, akayamwaga nyuma ya zizi. Mtoto alikuwa ananyweshwa maji ya sukari.

"Mkwe, unafanya nini?"

"Natoa uchafu. Yamelala kifuani miezi yote hii. Yakiwa meupe, atanyonya."

"Na ndama wako unamfanyia hivyo?"

"Ndama ni ndama. Au unataka mjukuu wako aote pembe?"

Wanawake waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka. Ng'ombe akizaa, mkwe huyo huyo hamwachi mchungaji mpaka ndama anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza, maana akiyakosa huharisha akafa. Huku kwetu kila mfugaji anajua. Nikasema mpaka sauti ikakauka. Nikaambiwa nimekuja kuvunja nyumba ya mwanangu. Binti alitazama chini. Mwali hajibu.

Maziwa yalipokuwa meupe, mtoto alishakuwa wa moto, kitovu kinatoa usaha, titi halitaki. Tukampeleka hospitali kwa pikipiki.

Muuguzi akauliza amenyonya nini tangu azaliwe. Nikajibu mimi. Akasema maziwa ya mama yana kinga yake ya asili: vitu vinavyozuia vijidudu visijishikize tumboni, na vingine huvinyima vijidudu hivyo madini vinayoyahitaji ili vizaliane. Hata kwenye meupe kinga hiyo imo, ila imejaa zaidi mwanzoni.

"Basi mama yake akamuliwe sasa hivi, apewe!" mkwe akasema.

"Tunampa, mama, kwa mpira wa puani. Lakini ugonjwa umeshaingia kwenye damu."

"Angeyapata yale, angepona?" nikauliza.

"Bibi, hilo siwezi kukuapia."

Mtoto alikufa kesho yake mchana. Mkwe alilia kuliko sisi wote. Maziwa ya binti yangu yakaendelea kutoka, yakimlowesha kanga, hana wa kumpa.

Kwenye msiba alikuja jirani, siku zake za kujifungua zimekaribia. Nikamweleza yote, kwa ukali, kama ninavyosema siku zote.

"Nimekusikia, bibi," akasema. "Lakini nitazalia kwa mama mkwe."