Basani Kumi na Mbili za Vitofali

Mwanamke aliyeniita mwizi alikuwa na diplome imetundikwa ukutani. Mimi nilifika mwaka wa tatu wa primeri, wakanitoa nilee wadogo zangu. Hiyo njo ilikuwa tofauti yetu, na hakuacha siku ipite bila kunikumbusha. Jina lake ninalijua, na la bwana yake, na la kila mutoto aliyepita mu ile shule, na la baba ya mutoto. Sitaandika hata moja. Kuna wengine wangali wanapita mbele ya mulango wangu na kunisalimia.

Ilikuwa vita ya pili ya hapa kwetu. Nyumba yangu ya Kasha ilikuwa imeingiliwa na waaskari, wakanifukuza na wajukuu wangu wawili, wasichana. Mama yao, binti yangu, alikuwa Kamituga kuuza vitenge, njia ikafungika nyuma yake. Tulishuka Nyawera na furushi moja la nguo. Padri wa parokia ya pale akanipa depo nyuma ya darasa la maternele, la watoto wadogo, chumba kidogo cha dirisha moja. Hakunipa bure. Ndani mulikuwa magunia ya vitofali vya watoto, na kazi yangu ilikuwa kuvilinda na kuvipanga. Siku nitakaposhindwa kazi, chumba kinaenda kwa mwingine. Alisema vile kwa upole, lakini alisema.

Vitofali ninavyosema ni vile vya plastiki, vyenye vichwa juu na matundu chini. Mutoto anavishikamanisha, anajenga nyumba, motokari, chochote. Mbele ya vita kuanza, wamama wa parokia moja ya Ulaya walikusanya vile watoto wao walikuwa wameacha kuchezea, wakatutumia. Vilifika vimechanganyika ovyo, vikubwa na vidogo, na ndani yake nilikuta vifungo vya nguo, msumari, hata jino la mutoto wa watu.

Direktrise, mukubwa wa maternele, huyo mwenye diplome, alitaka vipangwe kwa rangi. Vyekundu pekee, vya manjano pekee, vya buluu pekee, na karatasi imeandikwa juu ya kila katoni. Nilimuuliza ni mutoto gani wa miaka ine atasoma hiyo karatasi. Akanijibu mbele ya walimu wenzake, akiniita koko, nyanya, kama watoto walivyoniita:

«Koko, huko Ulaya wanapanga kwa rangi.»

«Huko Ulaya hawakupanga, mama. Walimwaga ndani ya gunia wakatutumia.»

Walimu walicheka. Tangu siku ile alinichukia, na mimi sikumuacha achukie peke yake.

Mimi ninachagua maharagi tangu utoto. Jiwe jeusi kati ya maharagi meupe, hata muzee wa macho mabaya analiona. Jiwe jeupe kati ya meupe, unaliona kisha limekuvunja jino. Vitofali ni vile vile. Ukimwaga vyekundu vyote pamoja, mutoto anatafuta kile kidogo chekundu mpaka analia. Basi nilivipanga kwa mwili. Kile kirefu cha vichwa munane nilikiita kitanda. Cha vichwa viwili, pacha. Cha kichwa kimoja, yatima. Vile vyembamba, mbao. Vile vya kuinama upande, paa. Magurudumu yalibaki magurudumu. Juu ya kila katoni nilifunga kimoja kwa uzi, mutoto aone kwa macho yake ni nini iko ndani. Kwa juma moja watoto walikuwa wanasema, «Koko, unipe yatima watatu,» na walikuwa wanarudisha mahali pake. Direktrise alikuwa anapita mulangoni, anaangalia, anasonya, anaenda.

Lakini shida yake haikuwa rangi. Alikuwa na mudogo wake wa kike aliyekimbia kutoka mashamba na watoto wane. Walikuwa wanalala mu salon yake, na bwana yake alikuwa ameanza kusema watoke. Alitaka depo. Alimuomba Padri, Padri akasema depo iko na mutu na huyo mutu anafanya kazi. Kwa hiyo alihitaji nishindwe kazi.

Alianza kwa kuleta kaye ya kuandikia hesabu na basani moja nyeupe ya jikoni. Alisema shule lazima ijue ina nini. Tulipima pamoja, katoni kwa katoni, basani ikijaa anapanguza juu na rula, sawa vile wamama wa soko wanapanguza unga. Zilifika basani kumi na mbili. Aliandika, akatia sinyatire, na mimi nikaandika jina langu polepole, yeye akitazama saa.

Kisha waaskari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba mu kartie. Padri alisema kitu kilichopangwa vizuri kinaonekana kama mali. Akaniambia nimwage vitofali vyote ndani ya magunia mawili, nifunike juu na makala ya kupikia. Niliumia, lakini nilimwaga. Tulilala juu ya ile magunia karibu mwezi, mimi na wasichana. Waaskari walikuja mara moja. Mumoja aliingiza mukono, ukatoka mweusi, akaupanguza juu ya shuka yangu, wakaenda.

Hali ilipotulia, direktrise alirudi na kaye yake mbele ya mimi kupanga kitu. Alipima yeye mwenyewe, palepale uani, kutoka magunia moja kwa moja. Basani kumi. Ya kumi na moja ilifika nusu tu.

Alihesabu tena, sauti yake ikipanda, na wazazi waliokuja kuchukua watoto wakasimama. Alisema basani moja na nusu imepotea. Akasema ameambiwa vitofali vinauzwa soko ya Nyawera. Nani alimuambia, hakusema. Kisha aliingia mu chumba changu, akatoa furushi letu, akalimwaga chini mbele ya watu wote. Nguo zangu za ndani, na zile vitambaa mwanamke anavificha hata kwa binti yake, zote juu ya mavumbi, na wababa wakiangalia. Hakukuta kitofali hata kimoja. Hakuokota kitu. Aliruka juu ya nguo zangu, akaenda kwa Padri.

Mujukuu wangu mukubwa njo aliokota.

Siku ya Mungu, kisha misa, waliniita mbele ya komite ya wazazi. Padri alikuwa katikati. Kulikuwa profeseri wa universite, fundi mumoja wa kushona, na mama mumoja aliyeuza ulezi na maharagi kule soko. Direktrise alisoma kaye yake vizuri sana. Douze, kumi na mbili, kisha dix et demi, kumi na nusu. Profeseri akatikisa kichwa, akasema kwa huruma kwamba namba haidanganyi. Padri akaniuliza kama nina cha kusema, na niliona amekwisha kunitoa kichwani mwake. Alikuwa anafikiri tu ni wapi atatutuma na wasichana.

Sikulia. Nilikuwa nimefikiri siku tatu. Nilimuomba Padri makopo matatu ya maharagi na matatu ya ulezi kutoka jiko yake. Direktrise akasema hatukuja kupika. Mama wa soko alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu, juu alijua tunaenda wapi.

Nilimupa profeseri kopo. Nikamuambia apime mwenyewe, apanguze juu. Alipima maharagi matatu, ulezi matatu.

«Ngapi, profeseri?»

«Sita, koko.»

Nilivimwaga mu basani moja, nikavichanganya na mikono yangu miwili, nikamuambia apime tena. Alipima. Yalitoka makopo matano, na kidogo tu chini ya basani. Aliangalia ndani ya basani. Aliangalia chini ya meza. Fundi wa kushona akamuuliza kama naye ameuza kopo moja kule soko. Watu wakacheka, profeseri akapima mara ya pili, ikawa vile vile.

Mama wa soko njo aliwaeleza. Ulezi unaingia kati ya maharagi, mahali pale palikuwa wazi. Kila mwanamke anayeuza anajua, ukichanganya mbele ya kupima umejiibia mwenyewe. Mimi niliongeza tu kwamba siku ya kaye vitofali vilikuwa vimepangwa, na siku ya magunia vilikuwa vimechanganyika.

Ungefikiri imeisha. Direktrise alisimama, akasema plastiki si maharagi, na kwamba mwizi aliyesomea soko anajua pia kujitetea. Padri akasema basi vipangwe tena, vipimwe. Macho yote yakaniangukia.

«Hapana,» nilisema. «Mimi nikipanga, kesho utasema nimevirudisha chini ya kitenge. Panga wewe.»

Walikubaliana nami. Alipanga siku mbili uani, juu ya mukeka, mama wa soko akikaa pale kama mushahidi. Na mimi nilikaa juu ya kiti, mikono juu ya magoti. Nilimuangalia mugongo. Sitadanganya kwamba nilihurumia ule mugongo.

Alipanga kwa rangi.

Nilinyamaza, juu nilitaka afike mwisho. Siku ya pili mangaribi komite ilikuja, wakapima vyekundu, vya manjano, vya buluu, vyeupe, vyeusi. Basani kumi na nusu. Direktrise alinyoosha mugongo, akatafuta macho ya Padri. Fundi wa kushona akasema pole pole, «Koko, tumekusaidia vya kutosha.» Mujukuu wangu mudogo, aliyekuwa nyuma yangu, alinishika kitenge na nguvu.

Nilisimama, nikachukua konzi moja ya vyekundu, nikaifungua mbele ya profeseri. Ndani mulikuwa kitanda, na pacha, na yatima watatu.

«Rangi ni moja,» nilisema, «lakini yatima angali analala chini ya kitanda. Bado vimechanganyika.»

Profeseri alichukua ile konzi kutoka mukono wangu na kuigeuza. Kichwa yake ilikuwa nzuri, lazima niseme, ilichelewa tu kuamuka. Akamugeukia direktrise, akamuambia apange kwa mwili, kama koko alivyopanga.

Kesho yake njo nililipwa. Direktrise hakujua majina. Alikuwa anainua kitofali, anauliza, «Na hiki?» na mimi nilikuwa namuambia, «Hiyo ni mbao, mama. Hiyo ni paa. Hapana, umekosa, hiyo ni pacha, weka kule.» Watoto waliobaki uani walikuwa wanamusahihisha mbele yangu. Siku nzima. Alipomaliza, kucha zake zilikuwa nyeusi na mavumbi ya makala.

Walipima. Basani kumi na mbili, rula ikapita juu. Palibaki konzi moja ya magurudumu ambayo haikupata nafasi.

Padri alisema imetosha, kwamba chumba kinabaki changu mpaka binti yangu atakaporudi. Direktrise alifunga kaye. Alikuja mulangoni kwangu kesho yake, peke yake, akasema tusameheane, vita imetuharibu wote vichwa. Nilimuambia nitamusamehe siku atakapoita wale wazazi, na kusema mbele yao kitu alifanya na nguo zangu. Alisema hiyo hawezi, yeye ni direktrise. Nikafunga mulango. Tulikaa uani mumoja karibu miaka miwili na hatukusalimiana tena.

Kuna kitu kimoja kilichobaki, na nisipokiandika nitakuwa nimeandika nusu.

Juma lililofuata bwana ya direktrise alifukuza yule mudogo wa bibi yake mu salon. Akaja na watoto wane, wakalala mu baraza ya darasa, juu ya saruji, na ilikuwa wakati wa mvua. Mukubwa alikuwa na kikohozi. Padri alinitumia neno kwamba atapita mangaribi kuangalia kama mu depo kunaweza kuingia mikeka miwili mingine.

Mikeka miwili ilikuwa inaingia. Mimi na wasichana tulikuwa tunalala upande mumoja, na katoni zilikuwa zimepandana mu kona mpaka karibu na dirisha. Nilijua kile chumba kama tumbo yangu.

Mbele ya Padri kufika, nilishusha katoni zote. Nilikopa mabasani kwa majirani, nikamwaga vitofali ndani, kila aina mu mabasani yake, vitanda basani mbili, pacha basani mbili, yatima basani moja, na vile vingine, nikavitandaza chini kutoka ukuta mupaka ukuta. Nikaacha njia ya muguu mumoja. Mujukuu wangu mukubwa aliniuliza tutalala wapi. Nilimuambia anyamaze.

Padri alisimama mulangoni na taa yake. Alitazama zile mabasani kumi na mbili, akatafuta mahali pa kuweka muguu, hakukanyaga.

«Kweli koko,» alisema, «hapa hakuna nafasi.»

«Hakuna, Padri.»

Nyuma yake, mu baraza, mutoto alikuwa anakohoa, na sote wawili tulikuwa tunasikia. Padri aliinua taa yake mupaka uso wangu, akaishusha. Kisha akaenda.

Asubuhi mudogo wa direktrise alifunga vitu vyake, akamubeba yule mwenye kikohozi mugongoni, wengine watatu wakamufuata. Wajukuu wangu walitoka kuwaangalia. Mimi nilibaki ndani, nikipandisha katoni mu kona.