Nilivyoangushwa Barazani Kwangu

Bora mkisikie kwangu kisa hiki, kabla jirani yangu Hamisi hajakitia chumvi.

Ijumaa baada ya swala tulikuwa barazani kwangu, hapa Lindi, tukibishania pambano la ngumi la ubingwa linalopangwa kati ya kijana wetu wa kule Sudi na bingwa wa Dar. Kwa joto lile, nilijifunga msuli tu.

"Huyo wa Sudi mwoga," nikasema. "Akiguswa tu anarudi nyuma. Mwanaume hasogei!"

"Kwani wewe ungesimama?" Hamisi akanichokoza.

Nikainuka, ngumi juu, niwaonyeshe. Nikarusha ya kushoto, ya kulia, kisha nikazungusha kiuno kwa konde la mwisho. Msuli ukafunguka ukaanguka, nikabaki na bukta iliyotoboka nyuma.

"Hodi, wenyewe!" Alikuwa mama mkwe wangu kutoka Kilangala, kikapu cha mihogo kichwani.

Kurudi nyuma sikurudi. Nilipiga mbizi chini ya benchi. Hamisi akaanza kunihesabia kama refa. Lakini mkwe ni mkwe, nikamwamkia hukohuko chini: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, uso kaufunika kwa khanga. "Nani kakupiga?"