Nyimbo za Kumkomoa Wifi

Wifi yangu alikuwa mwalimu mkuu msaidizi katika skuli moja ya kulipia hapa Maskati, na ndiye aliyeandika kwenye ripoti ya binti yangu wa miaka minane kuwa "hafundishiki". Ripoti ile niliikunja nikaitia mkobani. Miaka yote ya mwishoni mwa tisini nilitembea nayo, kama wengine wanavyotembea na hirizi.

Mtoto nikamtoa, nikamsomesha mwenyewe kwenye meza yetu ya chakula, mtaani kwetu Mabela. Digrii yangu ya historia kutoka Marekani ilikuwa haijanifaa kwa lolote. Kilichobaki kwayo ni kanda tatu za nyimbo za kale za huko: za wajenga reli, wachunga ng'ombe, wachimba makaa. Herufi za vitabuni zilimkimbia binti yangu, lakini nyimbo alizishika. Tukawa tunaimba ubeti, tunauandika, tunausoma, kisha tunautia katika Kiswahili. Ndivyo alivyojua kusoma. Ningependa kusema niliyafanya hayo kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, ila kinyongo ndicho kilichoniamsha alfajiri.

Mume wangu alikubali kwa sharti moja: siku mama yake akisema mtoto arudi skuli, atarudi. Na mama mkwe alikuwa na mahakama yake kila Ijumaa. Baada ya chakula, kahawa na halwa zikishaletwa, wajukuu husimama mmoja mmoja kuonyesha walichojifunza wiki ile. Kwa kuwa Kiingereza hakijui, anayekisoma lazima amfasirie.

Ijumaa aliyosema atatoa uamuzi, alitangulia mmoja wa watoto wa wifi. Akasoma shairi la Kiingereza kwa lafudhi ya kupendeza.

"Haya, nifasirie," bibi yake akasema.

Mtoto akamtazama mama yake.

"Mama, hayo hayamo kwenye silabasi," wifi akajibu.

"Silabasi mie nnaijua? Nnataka kujua mjukuu wangu kasema nini."

Akaja wangu. Aliimba huku akigonga sinia kwa kijiko, wimbo wa mtu anayelaza mataruma ya reli mbali na kwao. Kisha akaufasiri wote: jua, nyundo, na msimamizi anayemwambia kila siku kuwa hafai kitu.

Mama mkwe akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Maskini, alirudi kwao?"

"Hakurudi, Bibi."

"Na nani kakufunza?"

"Mama. Kasema leo tuimbe huu ili shangazi akose la kusema."

Kahawa ikanipalia. Wifi akaangalia zulia. Mama mkwe alicheka mpaka mume wangu akamshikia kikombe.

"Huyu abaki kwa mamake," akasema alipopata pumzi. Akamgeukia wifi. "Na wako wapeleke kwake kila Alkhamisi, wakajue wanachokisema."

Watoto watatu, juu ya wangu. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

"Utawaweza, wifi?" akaniuliza kwa ule upole wa kialimu.

"Kama wanafundishika."

Niliwafundisha vizuri, sikuwapunja. Ila wa kwanza kuwafunza ulikuwa wimbo mrefu kuliko wote, ule ambao kila ubeti unaongeza mnyama na mlio wake, halafu unarudi mwanzo. Wifi, aliyekuja kuwachukua mwenyewe, alikaa Ruwi, nusu saa kwa gari, na zaidi siku za msongamano. Kila Alkhamisi nilisimama mlangoni kuwapungia mkono, na sikuingia ndani mpaka niwasikie garini wameanza kuimba.