Sufuria Isiyoshika Kutu

Mwalimu wa sabuni alitujia Makere na viatu vinang'aa, miaka ile ya tisini kambi za wakimbizi zimejaa watu na sabuni inagombaniwa. Sisi akina mama tulikuwa tunapika sabuni ya mawese kwenye pipa la chuma lililokatwa nusu. Pipa baya, jekundu kwa kutu, lakini kutoboka halijatoboka hata siku moja. Yeye akalitazama kama anatazama choo.

"Mama zangu, hamwoni aibu? Kuna soda kali ya sabuni, kuna maji, kuna mvuke. Hapo kinatakiwa chombo kisichoshika kutu! Nani ana sufuria kubwa?"

Mdomo wangu huu! Nikasema mimi ninayo. Sufuria yenyewe ndiyo ya kupikia maharage ya wageni, na Jumamosi wanakuja kumposa binti yangu. Lakini mtu ana cheti bwana, mimi nimeishia darasa la pili.

Jirani yangu akamwambia, "Mwanangu, soda inakula sufuria."

"Alumini haishiki kutu, mama. Hiyo ni sayansi."

"Sijasema kushika kutu. Nimesema kuliwa."

Akacheka huyo! Eti mama wa watu Kiswahili kinamshinda.

Akatia maji kwenye sufuria yangu, akamimina soda. Weee! Sufuria ikaanza kuchemka, na chini hakuna hata kijiti kinachowaka. Povu, moshi unachoma macho, maji meusi tii. Msomi wetu anakohoa huku anarudi nyuma, "Ni kawaida! Ni kawaida!" mpaka mgongo ukagonga mgomba.

"Kama ni kawaida, njoo ukoroge," jirani akamwambia.

Hakuja. Tulipomwaga yale maji na kuinua sufuria juani, mbingu tuliiona kupitia kitako chake, matundu matundu. Kutu? Hata chembe. Hapo hakusema uongo, bwege yule. Kugeuka, kashapotea na viatu vyake, hata kuaga hakuaga.

Basi Jumamosi maharage yakapikwa kwenye visufuria sita, nyumba sita, kila mpishi na mkono wake wa chumvi. Wageni benchi hili wanakunywa maji, benchi lile wanaomba chumvi. Mzee aliyeleta posa akaonja sahani yake, akaonja ya mwenzake, akaniuliza:

"Mama, hivi huyu binti ana mama wangapi?"

"Sita, baba. Na wote tutakuwa tunakuja kumtembelea."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Posa ikapita.